UCHAMBUZI: Anayesafiri anunue dola lini? Historia ya shilingi yatoa funzo

MWISHONI mwa Januari 2024, Mkenya aliyehitaji dola moja ya Marekani alilazimika kutoa zaidi ya Sh160. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huo huo, dola hiyo hiyo ilikuwa ikipatikana kwa takriban Sh132.

Kwa familia iliyokuwa imepanga kutumia dola 3,000 katika likizo ya Aprili, tofauti hiyo ilikuwa Sh84,000. Hizo si pesa haba. Zilizidi karo rasmi ya mwaka mzima ambayo mzazi alitakiwa kulipa katika shule ya upili ya kitaifa.

Walionunua Januari hawakuwa wajinga. Walikuwa wameshuhudia mwaka mzima ambapo kila aliyengoja aliadhibiwa. Mwanzoni mwa 2023 dola iliuzwa kwa takriban Sh123. Mwishoni mwa Juni ilikuwa imepita Sh140, na Desemba ikafunga kwa karibu Sh157. Katika mazingira hayo, ushauri uliosikika kila mahali ulikuwa mmoja: nunua leo, kesho itapanda zaidi.

Ushauri huo ulikuwa sahihi kwa muda wa miezi kumi na mitatu. Kisha, ndani ya wiki chache, ukawa hasara.

Kisa hicho kinafaa kuzingatiwa na kila anayejiandaa kusafiri nje ya nchi, awe anaenda kupumzika Dubai au Zanzibar, kutekeleza Umra, au kuwatembelea jamaa walio ughaibuni. Swali ambalo wengi hujiuliza ni moja: je, pesa za safari zinunuliwe sasa au baadaye? Historia ya shilingi inaonyesha kwamba swali hilo, jinsi linavyoulizwa, halina jibu. Lipo swali jingine lenye jibu, nalo ndilo linalofaa kuulizwa.

HOFU ILIVYOPANDISHA BEI

Ili kuelewa kilichowakuta wasafiri wa 2024, ni muhimu kutazama mambo yaliyoisukuma shilingi. La kwanza lilitoka nje ya nchi. Kuanzia Machi 2022, Benki Kuu ya Marekani iliongeza riba kutoka karibu sufuri hadi zaidi ya asilimia tano kufikia Julai 2023. Wawekezaji wakarejesha fedha zao Marekani, walikopata faida bila wasiwasi. Sarafu za mataifa mengi yanayoendelea zikadhoofika.

La pili lilikuwa la humu nchini. Mnamo 2014, Kenya ilikopa dola bilioni mbili kwa kuuza hatifungani ya kimataifa, maarufu kama Eurobond, ambayo ilipaswa kulipwa kwa mkupuo mmoja Juni 2024. Kadiri tarehe hiyo ilivyokaribia, ndivyo shaka ilivyozidi kuhusu uwezo wa serikali kulipa. Ghana na Zambia zilikuwa tayari zimeshindwa kulipa madeni yao ya nje. Wengi waliogopa kwamba Kenya ingefuata.

Hofu ya aina hiyo hujilisha yenyewe. Mwagizaji wa bidhaa anayehitaji dola za mwezi huu hununua za miezi mitatu. Muuzaji wa chai au maua anayelipwa kwa dola huchelewa kuzibadilisha. Mwenye akiba huhamisha shilingi zake hadi akaunti ya dola. Kila mmoja wao anajikinga tu, lakini kwa pamoja wanauondolea soko dola zilizopo na kuipandisha bei wanayoiogopa. Mwaka 2023 mabenki mengi yaliuza dola kwa bei iliyopita kiwango rasmi cha Benki Kuu ya Kenya (CBK), na baadhi ya wateja walipewa kidogo kidogo.

Machi 2023, Rais William Ruto aliwaonya waliokuwa wakirundika dola kwamba huenda wangepata hasara hivi karibuni. Serikali ilikuwa imefanya makubaliano na kampuni za Saudi Arabia na Milki za Kiarabu ili Kenya iagize mafuta kwa mkopo wa miezi sita, badala ya waagizaji kusaka mamia ya mamilioni ya dola kila mwezi. Wakati huo dola ilikuwa takriban Sh131.

Onyo hilo hatimaye lilitimia, lakini baada ya mwaka mmoja. Msafiri aliyelitegemea na kungoja bei ishuke alitazama dola ikipanda kwa karibu Sh30 kabla haijarudi pale ilipokuwa. Aliyekuwa na safari ya Desemba 2023 hakuwa na namna ya kungoja hadi Machi.

Mambo yalibadilika Februari 2024. Tarehe 6 mwezi huo, CBK chini ya Gavana Kamau Thugge iliongeza riba yake hadi asilimia 13. Siku chache baadaye serikali ilikopa dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, na kuzitumia kununua sehemu kubwa ya lile deni la Juni kabla ya muda wake. Wiki hiyo hiyo, hatifungani ya miundomsingi iliyolenga kukusanya Sh70 bilioni ilivutia maombi ya zaidi ya Sh280 bilioni, kwa kuwa ilitoa riba ya zaidi ya asilimia 18 isiyotozwa ushuru. Wawekezaji wa kigeni walioitamani riba hiyo walilazimika kuuza dola ili wapate shilingi.

Hofu ilipoyeyuka, dola zilizokuwa zimefichwa zilimiminika sokoni kwa pamoja. Ndiyo sababu bei ilishuka kwa kasi kuliko ilivyopanda. Miongoni mwa walioumia ni waumini waliokuwa wakijiandaa kwa Hijja ya Juni 2024. Maandalizi ya safari hiyo huanza miezi mingi mapema na sehemu kubwa ya gharama zake hukadiriwa kwa dola. Aliyekamilisha malipo Januari na aliyekamilisha Aprili waliswali katika msikiti mmoja, lakini mmoja wao alilipa karibu robo zaidi kwa kila dola.

SI MARA YA KWANZA

Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini hawakushangaa. Kabla ya kipindi hicho, Mkenya aliyetaka kusafiri hakuwa na haja ya kubashiri bei. Alijaza fomu katika benki yake na kuomba kibali cha kupewa fedha za kigeni, na serikali ndiyo iliyoamua kiasi. Udhibiti huo ulilegezwa hatua kwa hatua. Maduka ya kubadilisha fedha yalianza kupewa leseni Januari 1995, na sheria ya udhibiti ikafutwa mwaka huo. Msafiri alipata uhuru wa kununua, na pamoja na uhuru huo akarithi hatari ambayo awali ilibebwa na serikali.

Mtikisiko mkubwa wa kwanza ulikuwa umeshatokea. Dola iliyouzwa kwa takriban Sh36 mwishoni mwa 1992 ilifunga mwaka wa 1993 ikiwa karibu Sh68. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imerudi hadi karibu Sh45. Aliyenunua kwa hofu Desemba 1993 alipoteza theluthi moja ya pesa zake.

Mwaka 2011 hali ikajirudia. Dola ilianza mwaka ikiwa takriban Sh81, na Oktoba ikafika Sh107. CBK, wakati huo ikiongozwa na Profesa Njuguna Ndung'u, iliongeza riba kutoka asilimia 7 hadi 11 mwanzoni mwa Oktoba, kisha 16.5 Novemba, na hatimaye 18 Desemba. Mwaka ulipokwisha, dola ilikuwa Sh85. Familia iliyonunua dola 3,000 za Krismasi katikati ya kizaazaa cha Oktoba ilitumia Sh321,000. Iliyonunua siku za mwisho za Desemba ilihitaji Sh255,000. Profesa Ndung'u huyo huyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha shilingi ilipopinduka tena Februari 2024.

Kutokana na visa hivyo vitatu, mtu anaweza kukata kauli kwamba dawa ni kungoja. Hofu hupanda, hofu hushuka, na mwenye subira hula mbivu. Kauli hiyo ingekuwa ya hatari.

Mwaka 2008, dola ilipanda kutoka takriban Sh62 hadi karibu Sh78 kufikia mwisho wa mwaka. Aliyengoja irudi Sh62 hajaiona tena hadi leo. Mwaka 2015 ilipanda kutoka Sh91 mwezi Januari hadi takriban Sh106 Septemba, kisha ikatulia juu ya Sh100. Aliyengoja irejee Sh90 vilevile alingoja bure. Hata katika miaka ambayo shilingi iliimarika, haikurudi ilikotoka. Baada ya 2011 dola ilibaki juu ya Sh80, na baada ya 2024 ikabaki karibu Sh129 ilhali mwanzoni mwa 2020 ilikuwa takriban Sh101.

Kwa ufupi, kati ya misukosuko mitano, mitatu ilimwadhibu aliyekimbilia na miwili ikamwadhibu aliyengoja. Na hakuna ishara iliyoonekana mapema kutofautisha ya kwanza na ya pili. Kiswahili chenyewe kimekiri utata huo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo.

UTULIVU NAO HUDANGANYA

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa shilingi ilitulia. Ni kweli kwamba kuanzia katikati ya 2024 hadi mwishoni mwa 2025 dola haikusonga mbali na Sh129. Hata hivyo, utulivu si ahadi.

Kati ya 2016 na 2019, dola ilizunguka kati ya Sh100 na Sh105 kiasi kwamba wafanyabiashara wengi walisahau kuwa inaweza kusonga. Oktoba 2018, Shirika la Fedha Duniani (IMF) lilidai kuwa shilingi ilikuwa na thamani iliyozidi uhalisia kwa asilimia 17.5. Gavana wa wakati huo, Dkt Patrick Njoroge, alipinga vikali. Shilingi haikuanguka mwaka huo wala uliofuata. Ilianza kuteleza 2020 na haikusimama hadi ilipopita Sh160. Aliyechukulia ile miaka minne kama hali ya kudumu alijikuta bila kinga.

Msafiri anaweza kufuatilia ishara kadhaa. Mojawapo ni tarehe ambazo serikali inapaswa kulipa madeni makubwa ya nje. Nyingine ni mikutano ya Kamati ya Sera za Fedha ya CBK, ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi miwili. Ya tatu, na pengine iliyo wazi zaidi, ni pengo kati ya kiwango rasmi cha CBK na bei inayotozwa dirishani. Pengo likipanuka na wauzaji wakianza kugawa dola kwa vipimo, hofu imeingia sokoni. Lakini ishara hizi huonyesha kuwa kuna joto tu. Hazionyeshi siku ambayo litashuka.

SWALI LENYE JIBU

Mfanyabiashara wa fedha hununua dola ili aziuze kwa faida. Anayekwenda likizoni hununua dola ili azitumie. Hana mtaji wa kustahimili hasara, wala hana uhuru wa kuahirisha, kwa kuwa tiketi ina tarehe na likizo ya watoto ina mwisho. Kwa hivyo, swali linalomfaa si lini bei itakuwa nafuu, bali ni kiasi gani anaweza kupoteza bila safari yake kuvunjika.

Swali hilo likijibiwa, mengine hufuata. Gharama ambayo imeshajulikana na italipwa kwa dola, kama vile hoteli au ada ya wakala, ni deni. Busara ni kuilipa au kununua dola zake mara tu pesa zinapopatikana, bila kujali uvumi wa mitaani. Tangu siku hiyo, kupanda au kushuka kwa dola hakumhusu tena.

Pesa za matumizi ya kila siku safarini zinaweza kugawanywa na kununuliwa kwa awamu. Tuchukue mfano wa dola 3,000 zilizonunuliwa kwa awamu tatu sawa: mwisho wa Oktoba 2023 kwa takriban Sh150, mwisho wa Desemba kwa Sh157, na mwisho wa Machi 2024 kwa Sh132. Jumla ni Sh439,000. Aliyenunua zote Januari kwa Sh160 alitumia Sh480,000.

Mbinu hiyo hiyo ilifaa hata pale bei ilipopanda bila kurudi nyuma. Aliyenunua thuluthi moja mwishoni mwa Januari 2023 kwa takriban Sh124, nyingine mwishoni mwa Juni kwa Sh140 na ya mwisho Desemba kwa Sh157, alitumia Sh421,000. Aliyesubiri hadi Desemba kununua zote alihitaji Sh471,000. Anayenunua kwa awamu hapati bei bora kabisa. Lakini pia hapati mbaya kabisa, na kwa mwenye bajeti ndogo hilo la pili ndilo muhimu zaidi.

Isitoshe, shilingi inayongoja si lazima ikae bure. Mapema 2024, hawala za serikali za siku 91 zilitoa riba ya takriban asilimia 16 kwa mwaka. Aliyehamisha akiba yake yote hadi dola wakati huo aliikosa riba hiyo na kuipata hasara ya bei, zote kwa pamoja.

GHARAMA ZISIZOONEKANA

Wakati wasafiri wanahangaika kubashiri mwelekeo wa soko, wengi hupuuza gharama ambazo wana uwezo wa kuzipunguza.

Ya kwanza ni tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Tuseme duka linanunua dola kwa Sh126 na kuiuza kwa Sh132. Anayenunua dola 3,000 kisha akabadilisha nia na kuzirudisha siku iyo hiyo atapoteza Sh18,000 hata kama soko halikusonga hata senti moja. Kwa sababu hiyo, kununua na kuuza mara kwa mara kwa kufuata uvumi ni njia ya hakika ya kumtajirisha muuzaji. Kutembelea maduka matatu au manne yenye leseni kabla ya kununua huokoa pesa kuliko kungoja wiki tatu. Wanaojitolea kubadilisha fedha barabarani kwa bei tamu hawana risiti, na noti zao huenda zikawa bandia.

Ya pili ni noti zenyewe. Maduka mengi ya Afrika Mashariki hukataa noti za dola zilizochapishwa zamani au zilizochakaa, na hununua zile za dola moja, tano au kumi kwa bei ya chini kuliko za dola mia. Msafiri akague anachopewa kabla ya kuondoka dirishani. Anayebeba dola 10,000 au zaidi anatakiwa na sheria kuzitangaza kwa maafisa wa forodha anapotoka au kuingia nchini.

Ya tatu ni kadi. Mashine za malipo katika nchi za kigeni mara nyingi humuuliza mteja iwapo angependa kutozwa kwa shilingi za Kenya. Huonekana kama hisani, lakini kiwango kinachotumiwa huwekwa na mwenye mashine, na mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa kawaida ni nafuu kukubali kutozwa kwa sarafu ya nchi husika, baada ya kuuliza benki nyumbani hutoza kiasi gani kwa malipo ya nje.

Ya nne ni kununua sarafu isiyofaa. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu 1986 kwa kiwango cha 3.75, na dirhamu ya Milki za Kiarabu tangu 1997 kwa 3.6725. Anayekwenda Makka au Dubai anaweza basi kununua dola au sarafu ya huko bila wasiwasi kuhusu uhusiano wa hizo mbili. Alinganishe tu ada. Tanzania ni tofauti, kwa kuwa shilingi yake hupanda na kushuka dhidi ya dola kivyake. Aidha, mwaka 2025 nchi hiyo ilipiga marufuku kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika shughuli chache zilizoruhusiwa. Mkenya anayebadilisha shilingi kuwa dola, kisha dola kuwa shilingi za Tanzania, hukatwa mara mbili.

Hatimaye, lipo suala ambalo msafiri hawezi kulitatua peke yake. Bei aliyolipa Januari 2024 haikutokana na uzembe wake. Ilitokana na deni la 2014 ambalo mpango wa kulilipa ulithibitika miezi minne tu kabla ya siku yake. Serikali ikichelewa kueleza itakavyolipa madeni yake, gharama ya ukimya huo hubebwa na mwananchi kwenye dirisha la kubadilisha fedha, muda mrefu kabla ya mkopeshaji kubisha hodi Hazina ya Kitaifa.

Kufikia hapo, kinga ya mwananchi ni ndogo lakini ipo: ajue anachodaiwa, akilipe mapema, agawanye kinachosalia, na asiwafuate wanaopanga foleni kwa sababu tu foleni ni ndefu.